Kubadili mfumo wa simu ya Android: mwongozo kamili, kuanzia swichi ya OEM hadi LineageOS kuwaka

Kabla hujapakua chochote, shika simu yako. Ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, tafuta "Nambari ya muundo" na uibonyeze mara saba mfululizo. Utaletewa ujumbe: "Sasa wewe ni msanidi programu!" Usivimbe kichwa bado. Rudi nyuma, ingia Mfumo, kisha Chaguo za wasanidi programu, ushuke mpaka uione "Ufunguaji wa OEM" (OEM ni mtengenezaji wa simu). Kwenye baadhi ya simu majina hutofautiana kidogo, lakini njia ni hiyohiyo.

Swichi hiyo ndiyo itakayoamua kama mwongozo huu ni wa simu uliyoishika au ni wa simu utakayonunua baadaye. Ikiwaka, heri yako. Ikiwa imefifia, yaani unaiona lakini haibonyezeki, washa intaneti ujaribu tena. Pixel, kwa mfano, huuliza kwanza seva za Google kabla ya kukuruhusu. Ikibaki imefifia, au haipo kabisa, basi mtengenezaji au kampuni ya mtandao iliyoiuza simu hiyo imeshakuamulia, na hakuna video ya dakika tatu itakayobadilisha hilo.

Nimeanzia hapa kwa makusudi. Watu wengi huanzia mwisho: wanaona picha za ROM nzuri (mifumo mbadala ya Android, kama LineageOS), wanasubiri bando la usiku, wanapakua faili yenye ukubwa wa karibu GB 1, halafu saa nane usiku ndipo wanagundua simu haifunguki. Kuflashi kwenyewe, yaani kuuweka mfumo huo kwenye simu, huchukua nusu saa. Kazi iko kwenye kuchagua simu.

Unachokifungua ni nini hasa

Simu inapowashwa, Android si ya kwanza kuamka. Inatanguliwa na programu ndogo iitwayo butiloda, ambayo ndiyo mlinzi wa geti. Kila unapowasha, hukagua saini ya kidijitali ya mfumo uliomo. Ikikuta saini ya mtengenezaji, inaupisha. Ikikuta nyingine, inagoma. Kufungua butiloda ni kumwambia mlinzi huyo aache kudai saini ile.

Kuna usalama wa kweli katika kazi yake, na anayekwambia kufuli hilo ni uchoyo mtupu wa makampuni hajafikiri vizuri. Simu ikiibwa ikiwa butiloda iko wazi, mwizi mwenye kompyuta anaweza kuweka mfumo wake. Hata hivyo, kufuli hilohilo ndilo linalomfanya mwenye simu nzima, yenye kioo safi na betri inayodumu, aambiwe masasisho ya usalama yamekwisha na anunue nyingine. Pixel 4a ilitoka Agosti 2020, na ahadi ya masasisho yake ya usalama ikaisha Agosti 2023. Miaka mitatu tu. Kandambili zangu zina umri mkubwa kuliko huo.

Tutenganishe pia maneno yanayochanganywa vijiweni. Kufungua butiloda ni kufungua geti. Kuweka ROM ni kubadili mfumo mzima. Kuruti ni kujipa mamlaka ya juu ndani ya mfumo, na siku hizi hufanywa zaidi kwa Magisk. Unaweza kuweka ROM bila kuruti, na kwa simu ya kila siku ndivyo ninavyoshauri. Kufungua laini, ili simu ikubali kadi ya mtandao wowote, ni habari nyingine kabisa na haihusiani na haya.

Simu ipi inafunguka

Pixel ndiyo rahisi kuliko zote, mradi haikuuzwa na Verizon ya Marekani. Za Verizon swichi yake hubaki imefifia maisha, hata laini ikifunguliwa, na simu za mtumba kutoka Marekani zimejaa madukani kwetu. Rafiki yangu aliuziwa moja Kariakoo, muuzaji akamwapia kwamba ni "factory unlocked". Kwa upande wa laini alisema kweli. Tangu hapo tunakwenda dukani na utaratibu mmoja: lipia pesa baada ya kubonyeza Nambari ya muundo mara saba, kuunganisha Wi-Fi, na kuiona swichi ikiwaka mbele ya muuzaji. Akikataa, toka.

Samsung, soma herufi ya mwisho ya modeli. Galaxy S10 ya SM-G973F inafunguka. SM-G973U, ya soko la Marekani, haifunguki. Ukifungua Samsung, kuna fyuzi ya kielektroniki ndani ya chipu iitwayo Knox itakayoungua siku utakapoweka mfumo usio wao. Usomaji utatoka 0x0 kwenda 0x1 na hautarudi, hata ukirudisha mfumo wa kiwandani. Samsung Pay na Folda Salama hufa hapohapo. Na kuanzia One UI 8, toleo la mfumo wa Samsung lililotoka 2025, chaguo la kufungua lenyewe limeondolewa. Kwa hiyo, anayetaka Samsung ya kuchezea anunue ya zamani, na asiisasishe kabla ya kuifungua.

Xiaomi, pamoja na Redmi na Poco, ilikuwa kimbilio la wengi. Ulikuwa unaunganisha akaunti ya Mi, unasubiri saa 168, unafungua. Tangu HyperOS, mfumo mpya wa Xiaomi, ilipoingia mwishoni mwa 2023, mlango umekuwa mwembamba: kwa simu za soko la kimataifa, akaunti iwe na zaidi ya siku 30, ombi lipitie programu ya Xiaomi Community, na nafasi za siku zina kikomo. Nafasi hizo hufunguliwa saa sita usiku kwa saa za Beijing, yaani saa moja jioni kwetu. Ukibonyeza saa moja na dakika moja umechelewa. Saa ya simu iwe sahihi kabisa, kidole kiwe tayari. Ukikubaliwa utasubiri tena, kwa kawaida saa 72.

Huawei iliacha kutoa kodi za kufungulia mwaka 2018. LG ilijitoa kwenye biashara ya simu 2021 na ikafunga huduma yake ya kufungulia mwisho wa mwaka huohuo. Hizo ziache.

Na Tecno, Infinix, Itel? Ndizo zilizo mifukoni mwa wengi wetu, na nyingi butiloda yake inafunguka. Shida ni kupata mtu aliyeitengenezea ROM, kwa sababu anahitaji chanzo (msimbo) cha keneli, yaani kiini cha mfumo, na simu yenyewe mkononi. Njia iliyobaki ni GSI, mfumo mmoja unaojaribu kuwaka kwenye simu nyingi. Uliwezekana baada ya Google kuleta muundo wa Treble kwenye Android 8 mwaka 2017. Huwaka, ndiyo. Lakini kamera inaweza kuzingua, alama ya kidole ikasusa, na usipate wa kumuuliza. Kwa simu uliyo nayo peke yake, sikushauri.

Tena simu ya mkopo, ile unayolipia kila siku na inajifunga ukichelewesha, isiguswe mpaka umalize deni. Mkataba ni mkataba.

Kwa nini Gmail haimo ndani ya ROM

Hapa kuna kisa ambacho kisipoelezwa, hatua moja huko mbele itaonekana ya ajabu. Simu ya kwanza ya Android, G1, ilitoka 2008. Muda si mrefu watu wakaanza kuupika upya mfumo wake, kwa sababu chanzo chake kiko wazi. Aliyepata wafuasi wengi ni Steve Kondik, mtandaoni akijulikana kama Cyanogen, na ROM yake ikaitwa CyanogenMod. Septemba 2009 Google ilimwandikia barua ya kumtaka aache. Hawakulalamikia Android yenyewe. Walilalamikia programu zao zilizokuwa ndani ya ROM: Gmail, Ramani, soko la programu, YouTube. Hizo si za chanzo huria.

Suluhisho lililopatikana ndilo tunaloishi nalo mpaka leo: ROM husambazwa tupu, na programu za Google huja kwenye faili yake ya pembeni, ambayo wote huiita gapps. CyanogenMod baadaye ikazaliwa kampuni, kampuni ikayumba, huduma zikazimwa mwishoni mwa Desemba 2016. Waliokuwa wakiitunza kwa kujitolea wakachukua chanzo chao na kukiendeleza kwa jina la LineageOS. Hiyo ndiyo tutakayoiweka.

Maandalizi

Tafuta jina la ndani la simu yako. Wanaotengeneza ROM hawasemi "Pixel 4a", wanasema sunfish. Redmi Note 7 ni lavender, Galaxy S10 ya Exynos ni beyond1lte. Faili ya jina lingine usiiguse, hata kama simu zinafanana kama mapacha. Kisha fungua ukurasa wa simu hiyo kwenye wiki ya LineageOS na uusome wote, kuanzia juu hadi chini, kabla ya kuandika amri hata moja. Angalia hasa unasema simu iwe kwenye Android toleo gani kabla ya kuanza. Mfumo wa redio, modemu na kamera hutegemea toleo hilo, na ROM haiji nao kila mara.

Piga *#06# na uandike IMEI zako kwenye karatasi. Si mapambo hayo. Ukikosea ukafuta sehemu inayohifadhi IMEI, simu inapoteza mtandao. Na Tanzania, tangu Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu zenye IMEI bandia, hilo si jambo la mzaha. Kuibadilisha IMEI ni kosa la jinai, kwa hiyo fundi anayekwambia "nitakuwekea nyingine" anakuingiza matatani.

Sasa bakapu. Kufungua butiloda kunafuta kila kitu ndani ya simu: picha, meseji, vyote. Ni kwa makusudi, ili mwizi asifungue na kusoma mambo yako. Hamishia picha kwenye kompyuta. WhatsApp, fanya bakapu ya Google Drive au nakili folda yake iliyo Android/media/com.whatsapp. Kisha kuna kitu nilichokisahau mimi mara ya kwanza na kikanigharimu wiki nzima: programu inayokupa kodi za kuingilia barua pepe. Nilihifadhi picha za harusi ya binamu yangu, elfu moja na ushee, nikasahau tarakimu sita. Hamisha kodi hizo kwanza, au chapisha zile za dharura.

Upande wa kompyuta, pakua platform-tools kutoka Google; ndani yake mna adb na fastboot, zana za kuiamuru simu kwa waya. Tumia laptopu yenye chaji, umeme usije kukatika katikati ya safari. Simu iwe na zaidi ya nusu. Waya uwe wa data. Nyaya nyingi tulizonazo nyumbani huchaji tu. Tumia mlango wa USB 2 ukiupata, kwani ule wa 3 husumbua baadhi ya simu.

Pakua faili ya ROM, faili ya rikavari, ile menyu ndogo ya kuwekea mfumo (kwenye baadhi ya simu ni boot.img), na gapps kama unazitaka, wiki hupendekeza MindTheGapps. Hakiki kila faili. Kwenye Windows andika:

certutil -hashfile jina-la-faili.zip SHA256

Ukipata herufi na tarakimu tofauti na zilizoandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia, hata moja, pakua upya. Mtandao wetu hukatika katikati, na faili nusu haijitangazi kwamba ni nusu.

Kufungua

Ondoa akaunti ya Google na kifungio cha skrini. Washa "Ufunguaji wa OEM" na "Utatuzi wa USB". Chomeka waya, kubali ujumbe utakaotokea kwenye simu, kisha kwenye kompyuta:

adb devices
adb reboot bootloader
fastboot devices

Namba ya utambulisho ya kifaa (serial) ikitokea baada ya amri ya tatu, mnasikilizana. Isipotokea kwenye Windows, ni draiva: weka Google USB Driver. Hapa ndipo wanaoanza hukwama kuliko popote, na wengi hudhani wameua simu. Hawajaiua. Imekaa tu inasubiri.

Kwa Pixel amri ni:

fastboot flashing unlock

Simu itauliza kama una uhakika. Chagua kwa vitufe vya sauti, thibitisha kwa kitufe cha kuwashia. Itajifuta na kuwaka upya, na kuanzia sasa kila ukiiwasha itakuonyesha onyo kwamba butiloda iko wazi. Utalizoea. Ifikishe mpaka mwanzo wa Android ujiridhishe iko hai, washa tena Utatuzi wa USB, halafu uendelee.

Xiaomi hutumia programu yake ya kompyuta iitwayo Mi Unlock, na Samsung hufunguliwa kwenye hali ya kupakua kwa kushikilia kitufe cha kuongeza sauti. Zina ukurasa wake. Usizilazimishe kwa amri za Pixel.

Kuweka ROM

Rudi kwenye butiloda kisha weka rikavari:

fastboot flash boot boot.img

Simu nyingine hutaka vendor_boot au faili za ziada kama dtbo. Fuata ukurasa wa simu yako neno kwa neno. Ukimaliza, kwa vitufe vya sauti chagua Recovery Mode. Utaona nembo ya LineageOS na menyu fupi.

Kama ukurasa wako unataja faili ya copy-partitions, usiiruke. Simu nyingi za sasa zina sloti mbili, A na B, na mfumo huwekwa kwenye moja huku nyingine ikisubiri. Ile ya pili inaweza kuwa na vitu vya zamani au isiwe na kitu. Leo simu itawaka vizuri, utafurahi. Siku ya sasisho la kwanza itahamia sloti ya pili na isiamke tena. Faili hiyo hunakili vilivyomo kwenye sloti ya kwanza na kuvipeleka ya pili.

Sasa chagua Factory reset, kisha Format data, uthibitishe. Rudi menyu kuu, chagua Apply update, halafu Apply from ADB. Kwenye kompyuta:

adb -d sideload lineage-ya-simu-yako.zip

Asilimia itapanda, kisha mara nyingi itasimama kwenye 47 na kompyuta kuandika maneno yanayofanana na hitilafu: "failed to read command: Success". Usichomoe waya. Tazama simu, sio kompyuta. Simu ikiandika kwamba imemaliza bila kosa, imemaliza. Sijui ni watu wangapi wameharibu kazi nzuri kwa sababu ya 47 hii.

Unataka gapps? Ziweke sasa, kabla simu haijawaka hata mara moja. Ukiiwasha kwanza ukaziweka baadaye, programu za Google zitaanguka mfululizo mpaka ufute upya. Ingia Advanced, chagua Reboot to Recovery ili uhamie sloti mpya, kisha rudia Apply from ADB na faili ya gapps. Rikavari italalamika kwamba saini haikuthibitishwa. Jibu Yes, ni kawaida kwa faili isiyo ya LineageOS. Halafu Reboot system now. Kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa. Ikipita robo saa nembo bado inazunguka, rudi rikavari ufanye Format data tena. Mara nyingi ni hiyo uliisahau.

Benki, M-Pesa na kadhalika

Google ina ukaguzi uitwao Play Integrity, mrithi wa SafetyNet, na programu ya benki huweza kuuliza kupitia ukaguzi huo kama simu ni halisi. Tangu Mei 2025 jibu kwa Android 13 na kuendelea hutegemea ushahidi wa chipu yenyewe, na chipu haifichi kwamba butiloda iko wazi. Mbinu za kuficha zipo, lakini leo umejificha, kesho umeonekana. Mimi nimeacha kuhangaika nazo. Menyu za namba hazijali ROM: *150*00# kwa M-Pesa ya Vodacom Tanzania, *334# kwa Safaricom, zinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Kama kazi yako inategemea programu fulani ya benki, uliza kwanza kama kuna mwenye simu na ROM kama yako inayomfanyia kazi. Baadhi ya simu pia hushushwa kiwango cha picha kwenye Netflix.

Ikikataa kitu

Wanaoitunza ROM ya simu yako hawalipwi. Ukiandika "kamera haifanyi kazi, saidieni" hutajibiwa, na sitawalaumu. Taja jina la ndani la simu, tarehe ya ROM, kama umeruti, na uambatanishe logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) uliyochukua wakati tatizo linatokea:

adb logcat > logi.txt

Ipitie kwanza uondoe namba za simu na majina ya watu. Na soma orodha ya yasiyofanya kazi kabla ya kuuliza. ROM isiyo rasmi huwa nayo, na kama haina, ndipo uogope.

Kurudi kiwandani

Kwa Pixel, fungua flash.android.com kwenye Chrome, chomeka simu, chagua mfumo wa kiwandani. Angalia usishuke toleo: Pixel 6 iliyopata Android 13 hairudi 12, na Redmi kadhaa zimekufa kwa kosa hilohilo. Kwa Pixel 4a kuna jambo la ziada: Januari 2025 Google ilituma sasisho lililopunguza uwezo wa betri kwa baadhi ya simu hizo, ili kupunguza hatari ya kupata joto kupita kiasi. Kama betri yako ni mojawapo, ibadilishe badala ya kulikwepa sasisho kwa ROM.

Usifunge butiloda ukiwa na LineageOS ndani. Mlinzi atarudi kazini, atakuta saini asiyoijua, na simu haitawaka. GrapheneOS, ambayo ni ya Pixel tu, ndiyo yenye utaratibu wake wa kufunga na ufunguo wake yenyewe; ROM nyingine nyingi hazina. Hakikisha simu imewaka mpaka mwisho na mfumo wa kiwandani, "Ufunguaji wa OEM" bado uko wazi, bakapu iko kwenye kompyuta, ndipo uandike:

fastboot flashing lock

Nayo itafuta kila kitu, kwa mara nyingine.